Beli za majani ya paini za kutandaza kwenye yadi yenye mteremko: nimezitumia misimu 2 hapa Raleigh

Ndugu zangu mlionunua nyumba huku North Carolina na yadi iko kwenye mteremko, someni hii kabla hamjatoa hela. Mimi mwaka wa kwanza nilitandaza juu ya udongo vile vipande vya mbao vinavyouzwa kwenye mifuko, vilipendeza kama wiki 2 hivi halafu ikapiga mvua moja ya mwezi wa 7, ile ya radi, asubuhi natoka nakuta vyote vimeshuka viko kwenye lami mbele ya gereji na udongo mwekundu umebaki uchi, jua likitoka unakauka unapasuka kama chungu. Iliniuma sana.

Ndo dada mmoja Mkongo ninayesali naye akaniambia weka majani ya paini. Nikaenda kwa mzee mmoja anayeuza beli, yale marobota yaliyofungwa kwa kamba, barabarani, dola 7 moja, nikachukua 8 na zimetosha bustani ya mbele ya futi 20 kwa 15 kwa unene wa inchi 3. Ukikata kamba tu harufu ya utomvu inakupiga, na majani yenyewe yako matatu matatu yameshikana kwenye shina, nilipima moja kwa rula ikatoka sentimita 30 kabisa. Huo urefu ndo siri yake. Yanasukana yenyewe kwa yenyewe kama mkeka, mvua inapita katikati inaingia ardhini na yenyewe hayaendi popote. Mvua zote za mwaka jana hakuna hata jani moja lililofika kwenye lami!

Nilikua Marangu, mama alikuwa anatandaza majani makavu ya migomba kwenye kahawa, kwa hiyo matandazo nayajua, ila sikutegemea haya mapaini yatunze maji namna hii. Mwezi wa 8 joto limekaba niliingiza kidole chini nikakuta udongo baridi, una unyevu, hata nyungunyungu yumo. Nilikuwa namwagilia kila siku sasa hivi ni mara 2 kwa wiki.

Halafu hili la kwamba yanaharibu udongo yanaufanya uwe na asidi, jamani hapana. Jani bichi kweli lina asidi ila likishakauka na kuoza taratibu juu ya ardhi halibadilishi udongo kwa kiasi cha kuonekana. Nyanya zangu na mchicha viko humo humo na vinastawi vizuri.

Sasa ubaya wake. Ndago hazizuiliki, zinatoboa zinatokea juu kama hakuna kitu, hizo ng'oa kwa mkono. Rangi nayo inapauka, ile kahawia nzuri ikifika miezi 6 imekuwa kijivu, inabidi uongeze beli chache kila mwaka. Na la muhimu kuliko yote ni moto, yakikauka yanashika haraka mno, kwa hiyo usiyasogeze kwenye ukuta wa nyumba wala karibu na jiko la kuchomea nyama, na mvuta sigara asikae hapo. Hapa Raleigh majengo yenye kuta zinazoshika moto hayaruhusiwi kuwekewa majani haya chini ya futi 10 kutoka ukutani, nyumba za familia moja sheria haizigusi lakini mimi nimeacha nafasi na kumwaga kokoto pale ukutani, nina watoto ndani.

Angalieni na wauzaji pia. Kabla ya huyu mzee kuna sehemu nyingine niliuziwa beli zimefungwa vizuri nje, kufungua ndani majani mafupi, vijiti, koni za paini na mbegu za magugu ambazo zilinisumbua mpaka baridi inaingia. Mwambie muuzaji unataka ya longleaf, yaani paini wa majani marefu, vuta machache katikati ya beli uone urefu, yakiwa mafupi kuliko kiganja chako achana nayo. Na ukitandaza usirundike kwenye shina la mmea, acha kaduara kidogo shina lipumue.

Huyu mzee nampa nyota 5, alinisaidia mpaka kupakia kwenye gari. Mwezi wa 11 narudi kuchukua 4 za kuongezea.