Kuvuruga mawimbi au kumwaga karatasi?

Nalinganisha njia mbili za kuchanganya mitambo ya redio na rada ya adui katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1940 Wajerumani waliongoza ndege zao za mabomu usiku kwa miale ya redio iliyoitwa Knickebein. R. V. Jones, mwanasayansi kijana wa ujasusi wa Uingereza, aliifichua Juni mwaka huo, na Waingereza wakaanza kurusha mawimbi ya kuivuruga. Njia hii ilikuwa na faida ya kuanza haraka, lakini ilidai usahihi mkubwa. Novemba 14, mji wa Coventry, Uingereza, uliposhambuliwa kwa msaada wa mfumo mpya wa miale, X-Gerät, mlio wa mitambo ya kuvuruga haukulingana na ule wa Wajerumani, na vichujio vya ndege zao vikautenga.

Njia ya pili ya Waingereza ilikuwa karatasi zilizopakwa alumini, zilizopewa jina la siri Window; zilimwagwa angani kutoka kwenye ndege, na hazikuhitaji hata umeme. Kila ukanda ulikuwa na urefu wa takriban sentimita 27, nusu ya urefu wa wimbi la rada ya Kijerumani ya Würzburg, hivyo rundo dogo lilionekana kwenye rada kama ndege. Katika shambulio la Hamburg, Ujerumani, usiku wa Julai 24, 1943, ndege 791 za Uingereza zilitumwa zikiwa na Window na 12 tu zikapotea.

Kwangu Window inashinda, ila ilikuwa na kasoro ya ajabu: ukiitumia, umemfundisha adui. Waingereza waliificha zaidi ya mwaka kwa hofu hiyo. Wajerumani nao walikuwa na yao, Düppel, wakaificha kwa hofu hiyohiyo! Baada ya Hamburg walihamia rada za mawimbi marefu zaidi, na vipimo vya karatasi vikabidi kubadilishwa.