Fundi wa spika aliyeuliza mzee wa nyumba yuko wapi

Ukimwita fundi wa kufunga spika hapa Kisumu, na neno lake la kwanza mlangoni liwe "Mzee wa nyumba yuko?", mrudishe alikotoka. Mimi sikumrudisha. Naishi peke yangu Migosi, spika ni zangu, nilizidunduliza karibu miaka miwili, na malipo ya kwanza nilikuwa nimeshayatuma kwa simu. Nilimjibu kwamba mwenye nyumba ni mimi. Akapita kama sikusema kitu, akatoa drili.

Ilikuwa baada ya Pasaka, zile wiki za mvua. Nilimweleza ninachotaka: nikiketi kwenye kiti changu, mwimbaji awe pale mbele yangu. Spika mbili na kiti vifanye pembetatu ya pande sawa, kama mita 2 hivi kila upande, na zile twita zinazotoa sauti nyembamba ziwe usawa wa masikio yangu. "Mama, hayo ni mambo ya mtandao," akasema. "Spika hukaa juu." Akazitundika kwenye pembe mbili za ukuta karibu na dari, kama za baa, zikitazama pazia nyuma yangu. Mashimo manane ya drili kwenye nyumba ya kupanga.

Niliweka benga, muziki wetu wa magita, kwa sababu benga haifichi kitu. Besi ikikosekana, magita yanabaki kulia juu kwa juu bila mtu wa kuyabeba. Na besi haikuwepo! Spika iliyosukumwa kwenye pembe huzidisha besi mpaka inavuma, maana kuta mbili na dari zote zinairudisha. Zangu zilikuwa kwenye pembe na bado zimekauka. Mwimbaji hakuwa kushoto, hakuwa kulia, katikati ndiyo kabisa hakuwepo. Alitapakaa kama moshi.

Nikamwambia. Hata hakuniangalia. Akasema spika zimechoka, ninunue woofa, ile spika kubwa ya besi, dukani kwake ipo. "Na ukija uje na mzee, nimweleze vizuri."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko nyimbo zozote nilizosikiliza mwezi ule.

Aliyeniokoa ni jirani, mzee aliyewahi kupiga gita la besi kwenye bendi za Kondele. Hakumaliza hata wimbo mmoja. "Nyara," akaniita, yaani binti yangu kwa Kijaluo, "besi haijapotea. Hizi mbili zinapingana." Tukazima amplifaya, tukachomoa nyaya upande wake, tukachukua betri ya rimoti ya volti 1.5. Chanya kwenye waya wenye mstari mwekundu, hasi kwenye mwenzake. Koni ya kushoto, ile sehemu ya spika inayotetemeka, ikatoka nje kidogo. Ya kulia ikaingia ndani. Basi. Nyuma ya spika ya kulia nyaya zilikuwa zimegeuzwa, nyekundu kwenye nyeusi. Moja ikisukuma hewa, nyingine inaivuta, na sauti nzito ndiyo inayoumia zaidi: wimbi la hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8, sebule yangu nzima hailifikii, kwa hiyo spika mbili zilizo karibu hivyo zinalifuta. Ni kosa la kurekebisha kwa dakika mbili. Fundi alitaka kulirekebisha kwa woofa ya maelfu.

Tulizishusha. Fundi wa vyuma wa jua kali kule Kibuye akanichomelea stendi mbili, nikaziweka nusu mita kutoka ukutani, nikazigeuza kidogo zinitazame. Sakafu ni simiti na madirisha ni makubwa, kwa hiyo nikatandika zulia mbele ya spika na kununua pazia nzito. Jioni ile mwimbaji alisimama katikati ya ukuta mtupu, mahali pasipo na spika yoyote, na besi ikapita chini yake taratibu. Mzee wa jirani aliinamisha kichwa, vidole vikitembea gotini. Nililia.

Nikiwa na furaha ile nilianza kumwonea huruma yule fundi. Kusema kweli, kazi ya mikono yake ni safi: waya alioupitisha kando ya fremu ya mlango huuoni, na hakuacha vumbi hata chembe. Kugeuza waya mmoja kunaweza kumpata yeyote mwenye haraka. Nikafikiri labda ningemtuma kwa rafiki yangu wa Mamboleo, mradi apimiwe kwa betri kabla hajaondoka. Nikampigia kumweleza kosa lilikuwa wapi, kwa upole, ili asilirudie kwa mwingine.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa mama. Sasa mpe mzee simu."

Nikakata. Rafiki yangu wa Mamboleo nimemwambia asimwite, na nyaya zote mpya nilizipitisha mwenyewe. Mashimo manane bado yako ukutani.