Nimerudi kula Whitechapel na Dalston na wenzangu wa chuo

Nilisoma Mile End, mashariki mwa London, enzi zile basi namba 25 lilikuwa refu, lenye kiungo katikati, na lilikufikisha mpaka Oxford Circus. Mwaka huu nimerudi likizo. Shughuli kubwa niliyojipangia ilikuwa kuwasaka wenzangu wa chuo na kukaa nao kwenye meza zilezile tulizokuwa tukichangishana pauni mwisho wa mwezi. Kama nawe uliishi kule na unajiuliza urudi sehemu ulizozizoea au ujaribu migahawa mipya inayosifiwa, mimi nasema rudi. Ila chagua mgahawa ambao chakula kinawekwa katikati ya meza na kila mtu ananyoosha mkono. Watu waliopoteana miaka mingi wanahitaji kitu cha kugombania kwa upendo.

Tulianzia Tayyabs, mtaa wa Fieldgate, Whitechapel. Ni mgahawa wa familia ya Kipakistani wenye mapishi ya Kipunjabi, upo tangu 1972, na sasa watoto wa mwanzilishi ndio wanaouendesha. Nyama ni halali, na pombe hawauzi. Kutoka stesheni ni mwendo mfupi kwa miguu. Shoga yangu wa Tanga, ambaye siku hizi anaishi Reading, mji ulio magharibi mwa London, alipanda Elizabeth line na kushuka Whitechapel bila kubadilisha treni, jambo ambalo tukiwa wanafunzi halikuwepo kabisa. Mtaa nao umebadilika: jengo la zamani la Royal London Hospital sasa ni makao ya halmashauri ya Tower Hamlets. Lakini soko la barabarani bado lipo, na bamia, samaki wa Bangladesh na embe za msimu bado zinauzwa pale.

Cha kuagiza pale ni mbavu za kondoo, usipoteze muda kwingine kabla hujazionja. Zinaletwa kwenye sahani ya chuma iliyotoka motoni, chini yake vitunguu vinachachatika, na moshi unakufikia kabla mhudumu hajafika. Kingo zimeungua kidogo, ndani nyama ni laini, na pilipili haikupigi mwanzoni, inakuja ukishameza. Ukikamulia limau, chuma kinalia upya na meza nzima inanyamaza kutazama. Rafiki yetu Mghana tangu chuoni ana mtindo wake: anachukua ubavu ulioungua zaidi na kuusogeza ule mnono upande wangu. Safari hii alifanya hivyohivyo, huku akiendelea kunisimulia habari za mwanawe anayeanza sekondari. Sijui kama mwenyewe alijua kwamba ananisogezea. Mimi niliona, na nilifurahi kuliko nilivyoweza kumwambia.

Mwingine, Mbengali aliyekulia mitaa hiyohiyo, siku hizi ana presha na amepunguza nyama nyekundu. Nilihofia angekaa tu akitutazama. Kumbe dengu za pale zilizopikwa na biringanya ni chakula kamili, nzito, zenye tangawizi, na kwa nan ya moto akala kwa raha zake. Tukaishia kumwibia sisi. Agiza pia ile nyama kavu, inayopikwa mpaka mchuzi wote unashika kwenye nyama. Kwa wanne, mbavu sahani mbili, nyama kavu moja, dengu moja na nan za kutosha zinashibisha.

Tayyabs panajaa sana, hilo linajulikana London nzima, kwa hiyo weka nafasi mapema, na kama mna maongezi marefu nendeni siku za katikati ya wiki. Kelele zake kwangu ni sehemu ya raha. Ukikutana na mtu baada ya miaka, zile dakika za mwanzo za kutafuta cha kusema hazionekani palipo na vishindo.

Baada ya kula tulitembea Brick Lane kushusha chakula. Msikiti wa pale nilikuwa nikiupita kila wiki bila kuuwazia, mpaka Mbengali wetu alipotusimamisha mlangoni: jengo lilijengwa 1743 kama kanisa la Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, baadaye likawa sinagogi, na tangu 1976 ni msikiti. Babu yake na baba yake wameswali humo. Mwisho wa mtaa kuna Beigel Bake, iko wazi saa 24, na mkate wao wa duara wenye nyama ya chumvi na haradali tuliula wima pale nje kama zamani, ingawa hakuna aliyekuwa na njaa.

Siku iliyofuata tulijaribu mgahawa mmoja mpya katikati ya jiji, siutaji jina. Chakula kilikuwa kizuri. Lakini meza walitupa kwa dakika 90 tu, na kila mtu na sahani yake ndogo iliyopambwa. Tulikuwa bado tunaulizana hali za wazazi, bili ikawekwa mezani. Kwa mkutano wa namna hii, hapana.

Kwa hiyo jioni ya mwisho tulipanda treni kutoka Whitechapel hadi Dalston Junction, tukatembea hadi Mangal Ocakbasi, mtaa wa Arcola. Hapa ni Waturuki na jiko lao la mkaa, na jiko lenyewe liko palepale wanapokaa wateja. Nyama imepangwa kwenye kabati la kioo, unachagua, mchomaji anaitandika motoni mbele ya macho yako. Tulichukua adana, ile ya kondoo iliyosagwa na kubanwa kwenye chuma kipana, mbavu, na kware. Mkate anaugandamiza juu ya nyama ili unyonye mafuta. Halafu kuna vitunguu vya kuchoma kwenye maji ya komamanga, vichachu na vitamu kwa pamoja. Shoga yangu wa Tanga aliinua bakuli akanywa kilichobaki, akaniambia, “Shoga, hii ningeipata kwetu Ngamiani, Tanga, nisingehama.”

Tulikaa muda mrefu. Tulizungumza kuhusu talaka ya mmoja wetu, jambo ambalo kwenye simu lilikuwa halizungumziki.

Kwa wanaotoka nyumbani: migahawa mingi ya London huongeza gharama ya huduma kwenye bili, mara nyingi asilimia 12.5. Kwa kawaida ni ya hiari, na tangu Oktoba 2024 sheria inataka pesa hiyo iwafikie wafanyakazi. Mimi nililipa kwa moyo mweupe kote nilikohudumiwa vizuri. Tayyabs na Mangal zote nazipa nyota tano. Kama una jioni moja tu na rafiki mmoja, nenda Mangal, omba kukaa karibu na jiko, na uvae nguo ambayo hutajali ikinuka moshi. Mkiwa kundi, Tayyabs, na mbavu ziagizeni mara tu mnapokaa.