Dada Watatu wamehamia Owerri: kitabu hiki ununue au uache?

Haya wapenzi, karibuni. Leo sijaleta simu wala blenda. Nimeleta kitabu cha tamthilia, ngoja nikisogeze kwenye kamera... hapo, mnakiona? Kinaitwa Three Sisters, kaandika Inua Ellams, mzaliwa wa Jos, Nigeria, ambaye kazi zake nyingi zinatokea London. Igizo lenyewe lilipanda jukwaani Desemba 2019 pale National Theatre, London. Wajuzi mshaanza kuguna: hee, si ya Chekhov hiyo? Ni yake, na si yake.

Tuanze na ya mzee mwenyewe, Anton Chekhov, mwandishi wa Urusi, mbio mbio. Ilichezwa Moscow mwaka 1901. Olga, Masha na Irina wamekwama katika mji mdogo wa mkoani. Baba yao, jenerali, aliwatoa Moscow miaka 11 nyuma, sasa amefariki, na wao wimbo ni ule ule kila siku: turudi Moscow. Hawarudi. Kaka yao Andrei anaoa, na wifi mtu, Natasha, anaitwaa nyumba taratibu. Kwanza Irina aombwe kuhama chumba, mtoto apate hewa. Halafu yaya mzee aondolewe, amechoka, wa nini? Mwisho wa mchezo nyumba nzima ni ya wifi. Mliowahi kuishi na wifi sina la kuwaeleza.

Ellams amewabeba wote hadi Owerri, kusini mashariki mwa Nigeria, kati ya 1967 na 1970. Olga sasa ni Lolo, Masha ni Nne Chukwu, Irina ni Udo. Na mji wanaoulilia ni Lagos.

Hapo ndipo nilipokiweka kitabu chini nikanyamaza kidogo. Kumbukeni Biafra, yaani kusini mashariki iliyojitenga na Nigeria, ilijitangaza nchi tarehe 30 Mei 1967, vita vikafuata, na wakati huo makao makuu ya Nigeria yalikuwa Lagos. Kwa hiyo mji wa utoto wao, wenye mataa na marafiki, ghafla ndio mji mkuu wa adui. Chekhov hakuwa na kitu kama hicho. Moscow yake ilikuwa mbali tu. Lagos ya Ellams inatuma ndege za mabomu. Owerri yenyewe ilitekwa na jeshi la Nigeria Septemba 1968, Biafra wakaikomboa Aprili 1969, kwa hiyo msidhani mwandishi kachagua mji kwa kufumba macho.

Na wifi? Anaitwa Abosede, ni Myoruba aliyeolewa kwenye nyumba ya Waigbo, kabila la wengi wa Biafra. Kwa Chekhov, mawifi wanamdharau Natasha kwa sababu ni wa kawaida mno, hajui hata kuvaa. Anakuja na gauni la waridi na mkanda wa kijani, Olga anashtuka. Dharau ya kitabaka. Kwa Ellams dharau ile ile inapata kabila, na vita vikikolea kila neno la mezani linakuwa na makali. Mimi wa Chekhov nilimchukia moja kwa moja. Huyu Abosede nilianza kumchukia, kisha nikajiuliza: ningekuwa mimi, mgeni katika nyumba ile, mwaka ule, ningefanyaje?

Sasa kasoro, maana sijalipwa na mtu. Kitendawili kikubwa cha Chekhov ni kwamba hakuna aliyewafungia njia. Treni ipo. Hawaendi. Kwa nini? Ni uvivu, ni woga, au Moscow wanayoitaka haipo tena? Hapo ndipo utamu wote. Ukiweka vita katikati, kitendawili kimeteguliwa: hawaendi kwa sababu watauawa, basi. Ndiyo, machozi yanakuwa mengi, lakini fumbo limepungua. Pia kuna mahali wahusika wanaelezana historia kama wako darasani, mambo ambayo mtu wa Owerri wa mwaka 1968 asingehitaji kuambiwa. Hayo wanaambiwa watazamaji wa London, na inasikika.

Ila sisi Watanzania kitabu hiki kinatugusa kwa namna nyingine. Nchi ya kwanza kuitambua Biafra ilikuwa Tanzania, tarehe 13 Aprili 1968, Mwalimu Nyerere akiwa rais. Wazee wenu waulizeni. Kwetu mjadala wa kama ilikuwa sawa haujaisha mpaka leo, baba na ami yangu wakikaa pamoja chai inapoa.

Kuna mwenzangu kaniandikia: mbona usichambue Vanya ya Simon Stephens, iliyotokana na Mjomba Vanya, mchezo mwingine wa Chekhov, ile Andrew Scott anacheza wahusika wote peke yake? Ilikuwa London 2023, na profesa wa Chekhov kageuzwa mtengeneza filamu. Nimeitazama. Ni ufundi wa mwigizaji, nampa heshima yake, lakini ukiisoma bila yeye inabaki nusu. Na hapo niseme jambo moja la lugha. Kiingereza kinasema anko, hujui ni wa upande gani. Sisi tukisema Mjomba Vanya, tumeshajua: ni kaka wa mama yake Sonya, binti wa profesa, na shamba wanaloishi linatoka kwa mama. Yule profesa anayetaka kuliuza ni mkwe tu! Kiswahili kimetoboa siri ya mchezo kwenye jina.

Turudi kwenye kitabu. Kama hujawahi kusoma Chekhov, usianze na hiki. Utakipenda lakini hutajua nini kimehamishwa. Kama umemsoma, nunua, na usome sehemu ya tatu ya vyote viwili usiku mmoja. Kwa Chekhov moto unaunguza mtaa wa jirani na watu wa nyumbani wanagawa nguo na blanketi. Kisha fungua cha Ellams, ukurasa wowote wa sehemu hiyo, uone moto umefika wapi.

Cha kwangu nimeshakiahidi kwa binamu yangu, kwa hiyo msiniombe kuazima.