Chipu ya milimita 12 kwa mbwa na paka: ni nzuri, ila isajili

Chipu hii ya kioo, ya kumtambulisha mnyama, huwekwa chini ya ngozi na huja ikiwa tayari ndani ya sindano safi, pamoja na stika za namba yake ya tarakimu 15. Haina betri, huamshwa na skana (kifaa cha kuisoma namba) kwa masafa ya kilohezi 134.2. Anayetaka kumfuatilia paka kwenye ramani anunue kitu kingine.

Sindano yenyewe ni nene mno kwa paka mdogo. Kwake ulizia ile ya milimita 8. Daktari wa mifugo aisome chipu kabla ya kuchoma (ikigoma, afadhali igomee mezani), avute ngozi katikati ya mabega, achome, asukume pistoni ya sindano hadi mwisho ndipo achomoe. Akiwahi kuchomoa, chipu hurudi na sindano. Sindano ikipitiliza hadi nje ya ngozi upande wa pili, chipu inaangukia kwenye manyoya na hakuna anayejua. Kwa hiyo aisome tena papo hapo.

Baadhi ya chipu huhama hadi begani au mguu wa mbele, hivyo skana ipitishwe polepole na pembeni pia, si mgongoni tu.

Udhaifu mkubwa ni usajili: namba ya chipu isiyosajiliwa pamoja na namba yako ya simu haimrudishi mbwa nyumbani.

Kwa safari ya Umoja wa Ulaya, chipu itangulie chanjo ya kichaa cha mbwa au ziende siku moja. Chanjo ya kabla ya chipu haihesabiwi. Anayetoka Kenya au Tanzania ana pia kipimo cha damu, siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kisha miezi 3 ya kusubiri.