Deki ya mtumba, laptop ya XP na mikanda kumi na saba: uzoefu wangu

Marehemu baba alituachia mikanda kumi na saba ya VHS: harusi, maulidi, ubarikio wa majirani, na mmoja ambao nusu yake ni mpira uliorekodiwa juu ya harusi ya mjomba. Mjomba mpaka leo anaulizia kipande chake. Niliamua kuiingiza yote kwenye kompyuta, nikidhani ni kazi ya wikiendi moja. Imenichukua miezi minne.

Nilianza na kidude cha USB cha kunasa video kutoka kwenye deki, cha shilingi elfu thelathini na tano, kile chenye matundu ya njano, nyeupe na nyekundu. Hakina jina la maana. Kinakuja na sidii ya draiva (programu ya kukifanya kitambulike na kompyuta), na laptop yangu mpya haina hata pa kuitumbukiza hiyo sidii. Draiva niliyoipakua mtandaoni ilileta picha, sauti kimya. Nikaishusha laptop ya baba kutoka juu ya kabati, yenye Windows XP, betri imekufa, inaishi kwa waya wa umeme kama mgonjwa wa dripu. Ikaisoma sidii bila maneno na picha ikatokea. XP iliachwa kuhudumiwa tangu Aprili 2014, hivyo sijathubutu kuiunganisha na intaneti. Inanasa video, naihifadhi kwenye diski ya nje, basi.

Programu iliyokuja na kidude sikai nayo. Nilitumia VirtualDub, ambayo ni ya bure, nyepesi, na inakuonyesha idadi ya fremu (picha moja moja zinazounda video) zilizodondoka wakati unanasa. Hicho kihesabio ndicho kilinifungua macho. Mfumo wetu wa video ni PAL, fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo niliweka ukubwa wa picha wa nukta 720 kwa 576. Ukinasa bila kubana, saa moja inakula kama GB 75, na diski ya ndani ya laptop ile ni GB 80! Nikaweka Huffyuv, inayobana bila kuharibu picha, ikashuka hadi kama GB 30 kwa saa. Halafu hakikisha diski ya nje imefomatiwa kwa mfumo wa NTFS. Yangu ilikuwa na mfumo wa zamani, FAT32, na faili likifika GB 4 haliendelei. Nilipoteza sherehe nzima ya kumtoa mtoto nje kwa kutojua hilo.

Mkanda wa kwanza ulivyoisha nikaufungua kwa furaha. Bibi yangu mzaa mama yupo pale uani Tanga, mwaka 1996, khanga kichwani, anapiga vigelegele. Ila kwenye faili langu anafunga mdomo kwanza, anageuka kuongea na mtu, ndipo vigelegele vinasikika. Dakika za mwanzo sauti ilikuwa sawa kabisa, kadiri mkanda ulivyokwenda ikazidi kubaki nyuma. Kosa ni langu. Sauti ya kidude ilikuwa inakwaruza, nikaipitisha kwenye tundu la maiki la laptop. Sasa picha inahesabiwa na saa ya kidude, sauti na saa ya kadi ya sauti, na hizo saa mbili hazikubaliani. VirtualDub ina mpangilio wa kuivuta sauti iifuate picha. Nikauwasha, nikarudia mkanda wote. Saa tatu nyingine, maana mkanda wa E-180 ni saa tatu na hakuna njia ya mkato. Unakaa nao.

Sauti ikakaa sawa, lakini fremu ziliendelea kudondoka, na hapo ndipo nilipoteza muda mwingi nikiilaumu laptop ya watu. Nikaongeza RAM, nikafuta programu, nikazima kila kitu. Wapi! Kumbe ni deki.

Deki yangu ya kwanza ilikuwa ya mtumba. Picha yake ilikuwa na chenga chini na juu inapinda kama bendera kwenye upepo. Televisheni ya zamani ile ya kichogo inavumilia mambo hayo, lakini kidude cha USB hakivumilii: kikikosa mwanzo wa fremu, kinaitupa. Siku ya nne deki ikala mkanda. Nilisikia krrr, nikachomoa umeme, nikakuta utepe umejikunja kwenye magurudumu kama tambi. Niliutoa kwa vidole nusu saa nzima, natoka jasho. Sehemu ile sasa ina mstari mweupe unaopita usoni kwa bwana harusi.

Deki ya pili niliipata kwa jirani, ya Panasonic, iliyokuwa imefunikwa kitambaa tangu watu wahamie kwenye DVD. Nikaipeleka kwa fundi kabla ya kuitia mkanda wowote. Aliifungua mbele yangu, akalowesha kipande cha ngozi laini kwa spiriti, akakishika bila kukitikisa dhidi ya ile ngoma ya chuma yenye vichwa vya kusoma mkanda, huku akiizungusha kwa mkono. Ngozi ikatoka na weusi. "Kaka, usije ukasugua juu na chini, na usitumie pamba ya masikio. Utang'oa kichwa, na kichwa kipya hukipati." Elfu kumi na tano. Ni pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote katika kazi hii. Fremu zilizodondoka zilitoka mamia hadi tatu, nne kwa mkanda.

Mkanda mmoja shangazi aliutuma kutoka Marekani, kwa hiyo ni NTSC, mfumo wa video wa kwao. Deki inaucheza kwenye televisheni vizuri tu, ila kidude kinauonyesha bila rangi. Huo nimeuweka pembeni mpaka nipate deki inayotoa NTSC halisi.

Umeme ni habari nyingine. Ukikatika dakika ya 150 unaanza upya, hasa kwa laptop isiyo na betri, basi nikawa nanasa usiku.

Kwa hiyo kidude nakipa tatu kwa tano: bei yake inalingana nacho, ila sauti yake ni mbovu. Laptop ya XP nne. VirtualDub tano. Deki ya jirani tano, pamoja na fundi. Ukiwa na laki moja, sabini peleka kwenye deki. Kabla ya kuanza, vunja kile kiplastiki kidogo mgongoni mwa mkanda ili usirekodi juu yake kwa bahati mbaya, kisha inua kifuniko uangalie utepe kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe pembeni, hiyo ni kuvu. Usiutie kwenye deki, utaambukiza vichwa na mikanda mingine yote.

Ninao mmoja wa hivyo. Umeandikwa kwa mwandiko wa baba, kalamu nyekundu: USIFUTE. Haukuandikwa ni wa nini.