Seti ya bomba "kimya kabisa" ilivyoninyima usingizi

Naandika hasira bado haijaisha, mnisamehe. Nilinunua seti ya kushushia maji ya akwariamu ya maji chumvi, ile yenye kisanduku juu na bomba mbili, moja ya kushusha maji na nyingine ya dharura, boksi limeandikwa kwa herufi kubwa KIMYA KABISA. Kimya cha nani sijui. Nimewasha tu ikaanza kukoroma, yaani mkoromo wa mtu mzima aliyelala chali, afu kila baada ya dakika mbili hivi inaguna kama choo kimeflashiwa, GRUUUP, inatulia kidogo, inaanza upya. Usiku kucha. Chini kwenye sampu, lile tangi la chini linalopokea maji yanayoshuka, mapovu yanachemka, pampu inayavuta inayarusha juu, tangi zima jeupe kama soda, na maji chumvi mapovu yake ni madogo mno, hayaungani haraka yakapasuka kama ya maji baridi, basi yanazunguka tu humo yanaganda kwenye matumbawe.

Nikapiga simu kwa waliouza. Jamaa hata hakunisikiliza nimalize, akaniambia "Kaka, maji yakishuka lazima yapige kelele, kama hutaki kelele fuga kobe." Akakata. Kobe! Mimi na hela yangu naambiwa nifuge kobe. Wiki nzima hilo neno lilikuwa linanizunguka kichwani kuliko hata ule mkoromo.

Basi nikakaa chini na tochi. Kelele si ya maji bana, ni ya hewa. Bomba kubwa likijaa maji tupu bila hewa halisemi kitu, ila hii koki waliyoweka ni ile ya mpini wa kugeuza robo, ukiigusa kidogo tu imefunguka mno, maji kwenye kisanduku yanashuka mpaka bomba linavuta hewa, mvuto unakatika, maji yanapanda tena, mvuto unarudi, ndo hiyo GRUUUP. Ukibana kidogo maji yanazidi yanakimbilia bomba la dharura nalo linaporomosha makelele yake. Katikati hakuna. Nilikuwa nagonga mpini kwa kidole kama nagonga yai, napata kimya, nafurahi, asubuhi naamka inakoroma.

Nikaing'oa nikaweka geti valvu, ile ya kuzungusha taratibu mizunguko mingi. Nikabana mpaka bomba la dharura likawa linapitisha uzi mwembamba tu wa maji unaoteleza ukutani mwa bomba. Na msije mkaliziba hilo kwa kutafuta kimya, siku konokono akijibana kwenye bomba kubwa ndilo litakaloiokoa sakafu yako.

Bado umeme ukikatika ukarudi inasumbua kuanza. Kumbe mdomo wa bomba kubwa waliushusha karibu na sakafu ya sampu, hewa iliyobaki ndani haina nguvu ya kusukuma maji yote yale itoke. Nikachukua msumeno nikaukata, nikauacha chini ya maji kama sentimita 3 tu. Kuwasha, likacheua mara moja, buuu, mapovu makubwa yakapanda, afu basi. Kama nimezima redio. Viputo vilivyobaki nikaviwekea vioo vitatu kabla ya pampu, maji yapite juu, chini, juu, hewa ibaki nyuma.

Sasa nyota ngapi? Nilianza kuandika nikiwa na moja mkononi. Lakini niseme ukweli, kisanduku chenyewe kizuri, hakivuji, meno yake hayapitishi samaki, na bomba ni zilezile zao ndizo zimenyamaza, kwa hiyo mpango wenyewe haukuwa mbaya, ubaya ni koki. Tatu basi. Hapana, ngoja, koki ndo roho ya kitu chote na wao wakaweka ya bei rahisi kisha mtu ananitukana? Mbili. Ya kobe siisamehi.

Juzi usiku mke wangu kanitingisha, "We baba, amka, mbona kimya, samaki wamekufa?" Nikakurupuka na tochi mpaka sebuleni. Wamelala zao.